Anaanzia Miguuni

Jumamosi ya kwanza ya Novemba, Tauno Hietala alikuja mezani kula chakula cha jioni miguu yake ikiwa safi mno.

Binti yake, Raili, ndiye aliyeona. Si kwamba mzee alikuwa mchafu. Lakini alikuwa na miaka sabini na minne, arobaini kati ya hiyo ameimalizia kwenye kiwanda cha karatasi, na nyayo zake zilikuwa na magaga ambayo hata jiwe la kusugulia lingeomba likizo. Jioni ile zilikuwa nyekundu na laini, kama zimetolewa kwenye maji ya moto sasa hivi. Tena zilinukia sabuni ya lami, sabuni ambayo haikuwahi kununuliwa nyumba ile tangu mama yake Raili afariki, miaka mitatu iliyopita.

"Umeosha miguu, Baba?"

"Nani, mimi? Nimesinzia kwenye kiti tangu saa kumi."

"Na soksi zako?"

Tauno akainama kujitazama, akashangaa kidogo, kisha akavuta sahani ya samaki. "Wewe si ndiye msomi? Zitafute."

Msomi kweli. Raili alikuwa na digrii mbili na hana kazi hata nusu, katika mji wa Thunder Bay, Kanada, ambako ziwa huganda miezi minne na waajiri huganda mwaka mzima. Alishaandika barua arobaini na moja za kuomba kazi, kila moja kwa heshima na taadhima, na zote zilijibiwa kwa adabu ileile: tumevutiwa sana na wasifu wako, tunakutakia kila la heri. Heri hailiwi. Basi ili asirukwe na akili aliamua kukitengeneza chumba cha chini ya nyumba kiwe sebule ya familia, na kuta nyeupe, zulia, sofa, na runinga kubwa ya kumfanya mzee atazame mpira wa magongo badala ya kutazama dirisha.

"Familia gani?" Tauno alimuuliza. "Wewe, mimi na mashine ya kufulia?"

"Tukiwa watatu si familia hiyo?"

Mzee akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu kiangazi. "Haya, fanya. Ila kidogo kidogo."

Tatizo ni kwamba robo tatu ya chumba kile ilikuwa sauna. Wafini wa mtaa ule, wenye asili ya Finlandi, nyumba isiyo na chumba cha jasho chini yake wanaiona kama nyumba isiyo na paa. Hii ya akina Hietala ilijengwa na babu, mbao tupu zilizokolea moshi, benchi za ngazi mbili, jiko la chuma lenye mawe juu yake, ndoo na kata ya kumwagia maji. Kila Jumamosi magharibi marehemu mama alikuwa wa mwisho kutoka. Alimwaga kata moja juu ya mawe, akafunga mlango taratibu na kusema, "Zamu yake." Zamu ya mwenye sauna. Wenyewe humwita tonttu, na humtaja kwa sauti ya chini, lakini jini ni jini, hata avae kofia ya sufu. Humo ndani hugombi wala hutukani. Unakaa kama uko kanisani.

Raili alitukana. Wiki ile ya kwanza aling'oa benchi kwa mtaimbo, na kila msumari aliupa jina la afisa mwajiri mmoja, na kila jina akaliongezea tusi la mama wa afisa huyo. Jumamosi yake ndiyo miguu ya mzee ikawa safi.

Wiki ya pili akang'oa mbao za kutani. Jumamosi, wekundu ukapanda hadi magotini.

"Niliota mama yako ananisugua," Tauno alisema, akipapasa goti kama kitu cha kuazima. "Ananisugua vizuri kweli. Halafu akaacha."

"Ndoto hailowanishi suruali, Baba."

"Basi uzee. Wewe kila kitu lazima kiwe na sababu?"

Wiki ya tatu akatoa jiko lenyewe, akalikokota hadi kwenye banda la nje, na mawe akayapanga kuzunguka bustani ya maua, yakafunikwa na theluji usiku uleule. Jumamosi hakumwacha mzee. Alikaa mkabala na kiti chake, simu mkononi, akijifanya anasoma.

Jua lilipozama, saa kumi na moja kasoro, chini ya sakafu ndoo iligongwa na kata.

Kisha maji yakamwagwa juu ya mawe, shshshaaa, mawe ambayo Raili aliyaona kwa macho yake dirishani yakiwa yamelala nje chini ya theluji, na harufu ya lami na majani ya kuchemka ikaanza kupanda ngazi, polepole, ngazi moja, ikapumzika, ngazi ya pili, ikapumzika, kama mtu mwenye mzigo wa maji asiyetaka kumwaga hata tone, na joto likaingia sebuleni likakaa kati yake na baba yake, na akaiona suruali ya mzee ikilowa kuanzia vifundoni kwenda juu, kitambaa kikibonyea na kuinuka, kikibonyea na kuinuka, kwa mpigo wa mikono inayojua kazi yake, mpaka kwenye mkanda, na mzee usingizini akitabasamu.

Raili akapiga kelele, na Tauno akaamka.

"Mbona umemfukuza?" alinong'ona.

"Nani?"

"Mama yako."

Msomi akiogopa hutafuta maelezo. Raili akajiambia ni ukungu wa mbao kuukuu, ukungu huleta mauzauza, ameshasoma mahali. Akafunika kuta kwa jipsamu, akapaka rangi nyeupe mara tatu, akatandika zulia. Na Jumamosi ya nne, saa tisa unusu, akamtoa baba yake nje ya nyumba kabisa, akampeleka mkahawani, kwenye taa na watu na kelele za vijiko, akamwagizia chapati nyembamba za maziwa na jamu.

Saa kumi na moja kasoro, mzee aliacha kutafuna. Uma ukabaki hewani. Shati lake likaanza kulowa kwa ndani, tumboni, kisha kifuani, hadi kwapani, na mhudumu aliyekuwa akipita na birika la kahawa akasimama akanusa.

"Nani ana sabuni ya lami?" akauliza akicheka. "Bibi yangu alikuwa nayo!"

Tauno akashusha pumzi ndefu kama aliyevuliwa buti. "Amebakiza kidogo tu," alisema.

Jioni ileile Raili alikwenda nyumba ya wazee kumwona Bibi Lempi. Bibi huyu alikuwa na miaka tisini na moja, na ujanani alikuwa mpiga chuku, si ya maneno, ya pembe. Alizunguka sauna za mji mzima na pembe zake, akiwaumika wazee wa viwandani migongo. Mgongo wa Tauno aliujua kuliko alivyoujua uso wake.

"Wewe ndiye yule wa digrii," alisema kabla Raili hajakaa.

"Ndiye, Bibi."

Raili akamweleza yote. Bibi Lempi alisikiliza huku akichovya mkate wa iliki kwenye kahawa, mpaka aliposikia habari ya mawe.

"Umeyaweka kwenye maua." Akatikisa kichwa. "Digrii mbili, na hukujua kubisha hodi kabla ya kuvunja ukuta wa mtu. Sasa niambie. Anamwosha kuanzia wapi?"

"Miguuni. Anapanda."

Bibi akauacha mkate uzame. Akatazama mlango, akamvuta Raili kwa mkono wa sweta mpaka masikio yakakaribiana na midomo.

"Kichanga huoshwa kuanzia kichwani," alinong'ona. "Maiti kuanzia miguuni. Ndivyo nilivyofunzwa, na nimewaosha wote wawili, tena mle mle kwenu. Bibi yako nilimwosha mle. Baba yako alizaliwa mle."

"Lakini aliyevunja ni mimi! Kwa nini asinichukue mimi?"

"Nani kakwambia anachukua? Anafanya kazi. Anayo hiyo tu. Ulipoanza kumtolea vyombo, akajua nyumba inafungwa, na nyumba ikifungwa huoshwa mwenye nyumba. Wewe si mwenye nyumba. Wewe mpangaji usiyelipa."

Raili akasogeza kiti karibu zaidi. 

"Baba anasema ni mama."

"Mama yako Helvi alikuwa na mikono midogo kama ya ndege," Bibi Lempi alisema. "Umeona alama za vidole kifuani kwa baba yako? Ziangalie."

"Nifanye nini, Bibi?"

"Josho likianza halikatwi. Lakini laweza kugeuzwa. Rudisha jiko, rudisha mawe yaleyale. Jumamosi, jua likizama, umvue baba yako uanze wewe kichwani, ushuke. Yeye atakuwa anapanda. Mtakutana. Mkikutana usitoe mkono, na mdomo wako mchafu huo uufunge, ila kwa kuomba radhi."

"Na itakuwa salama?"

"Kwa mtu mzima sijaona aliyejaribu. Nakupa ninachokijua, siyo ninachokiahidi."

Wiki nzima Raili alichimba mawe kwenye ardhi iliyoganda, kwa mtaimbo na mabirika ya maji ya moto, mawe thelathini na sita. Alama za vidole alikuwa ameshaziona kifuani kwa baba yake. Kila kidole kilikuwa na urefu wa kijiko cha mezani. Alilirudisha jiko, akaliunga na bomba la moshi, akakunja zulia. Jumamosi alasiri akawasha kuni.

Tauno akashuka na taulo kiunoni, akatazama kuta nyeupe.

"Hii ni sauna au kwa daktari wa meno?"

"Kaa, Baba." Alimwekea kigoda cha jikoni.

"Raili." Sauti ya mzee ilikuwa ya chini. "Mimi siogopi, unajua. Mikono ile haiumi."

"Mimi naogopa. Nikae humu na mashine ya kufulia?"

Mzee akakaa kigodani. Kisha akainamisha kichwa kama mtoto anayenyolewa.

Jua likazama. Raili akamwaga kata moja juu ya mawe. Mvuke ukapanda. Kabla haujatua, mawe yakalia tena, shshshaaa, na tena, na kata ilikuwa mkononi mwake. Rangi nyeupe ikaanza kufura malengelenge ukutani, ikachubuka vipande vipande, na nyuma yake pakanuka moshi wa miaka mingi.

Akaanza kichwani. Akamwaga maji kwenye utosi, akasugua nywele nyeupe, masikio, kope zilizofumbwa, shingo yenye mikunjo, mabega, na huku anasikia ng'ambo ya mvuke maji mengine yakimwagwa kwenye miguu, kwenye magoti, upesi kuliko Jumamosi zote, kama mtu aliyejua anashindaniwa, na kigoda kikitetemeka, na baba yake akihema kwa pumzi fupi fupi, na mikono yake Raili ikashuka mfupa wa kifua, na hapo, chini kidogo ya moyo, vidole vyake vikagusa vidole.

Vilikuwa vya moto na vyenye mikunjo ya maji, kama vya mtu aliyefua nguo tangu dunia iumbwe. Vikamshika viganja vyote viwili. Havikuminya. Vilingoja tu.

Matusi yote aliyoyajua yalimjia mdomoni yakapanga foleni. Raili, aliyeandika barua arobaini na moja za kuomba bila kumaanisha hata moja, akaomba.

"Nisamehe," alisema. "Nilivunja bila kuuliza. Nilitukana ndani ya nyumba yako. Naomba uniachie huyu. Sina mwingine."

Mawe yalitulia. Mikono ile ikakaa juu ya yake muda mrefu, kisha ikageuka, ikaanza kushuka pamoja naye, ikimwongoza, kifuani, tumboni, magotini, kwa upole ambao ulimtisha kuliko lolote, kwa sababu ndivyo mkunga anavyomwongoza mwanafunzi. Walipofika nyayoni, ikaachia.

Akamfunika baba yake shuka kavu. Akamwaga kata ya mwisho, akafunga mlango nyuma yao. Tauno alikuwa amelala usingizi mzito begani kwake, na moyo wa mzee ulikuwa ukidunda upesi upesi.

Asubuhi jua liliingia chumbani kwa mzee. Raili alimkuta macho wazi, mashavu yana damu, pumzi safi, kikohozi cha kiwandani hakipo. Nusura aanguke kwa furaha.

"Baba! Nikuletee kahawa?"

Tauno akautazama mdomo wa Raili ulivyokuwa ukienda. Akautazama mwanga ukutani, muda mrefu, kama kitu ambacho hakijawahi kuwekwa mbele yake. Mate yalimtiririka kidevuni, asiyajue.

"Baba?"

Aliponyosha kidole kumfuta, mkono mkubwa wa mzee, mkono wa miaka arobaini ya kiwanda, ukakifumba kidole hicho kwa ngumi nzima, ukang'ang'ania. Kisha uso ukajikunja, mdomo ukafunguka, akaanza kulia njaa kama kichanga.