Watu Watatu, Jua la Magharibi

Treni ya Taitung ilikuwa imekwisha kuiacha Kaohsiung, na Pei-shan hakutazama nyuma. Alikuwa amevaa gauni la bluu ambalo Chih-lung alilipenda, na alijilaumu kwa kulivaa. Kando yake, kwenye kiti cha magurudumu, baba yake, Mzee Lai, alivuta pumzi kwa msaada wa mashine ndogo ya oksijeni iliyonguruma miguuni.

"Unamkimbia yule fundi," mzee alisema.

"Tunakwenda kwa shangazi, baba."

"Kwa siku ngapi? Umefungasha mpaka sufuria ya wali."

Yeye na Chih-lung walikutana Juni iliyopita, katika duka la vifaa vya umeme lililofurika watu waliochoka na joto. Pei-shan alikuwa ameshika kibandiko cha bei cha kiyoyozi kidogo. Kijana mwenye ovaroli la kijivu na vumbi la saruji mikononi akamzuia.

"Dada, hicho ni cha chumba cha ping nne. Chako je?"

"Ping sita." Ping moja ni mita za mraba tatu na kidogo.

"Ghorofa ya juu? Jua la jioni linaingia? Wanalala wangapi?"

"Unauza kiyoyozi au unachunguza kama nina mume?"

"Yote mawili, ila naanza na kiyoyozi. Kila mtu ana joto lake."

Alikuja kufunga mashine, kisha akawa anakuja bila mashine. Miezi kumi ya utani na simu. Mpaka jana, aliposahau daftari lake la vipimo vya kazi mezani kwa Pei-shan kwa dakika tano, naye akalifungua. Humo mlikuwa na nyumba ambayo Chih-lung hakuwahi kuitaja, kwa jina lake mwenyewe: ping kumi, ghorofa ya juu, jua la magharibi, watu watatu.

Mke na mtoto, Pei-shan alijiambia. Na nani angemtaka mwanamke mwenye baba wa kubebwa?

Simu ikaita.

"Uko wapi, mpenzi? Nimegonga mpaka jirani katoka."

"Kamgongee mkeo."

"Mke gani?"

"Watu watatu, Lung. Nimesoma."

"Watatu ni mimi, wewe na baba. Nilitaka nifunge mashine kwanza, ndipo nikuombe."

"Umeitunga sasa hivi. Nitumie picha ya ukurasa. Usikate simu, nisikie kama unaandika."

Picha ikaja. Chini ya watu watatu, kwa tarehe ya Februari: *Mmoja hatembei, joto lake dogo. Mashine ya oksijeni, wati 350, saa zote, iongezwe. Upepo usipige kitanda chake, magoti yanamuuma. Jumla: kiyoyozi cha kilowati nane.*

Pei-shan alisoma mara tatu, akitafuta wino mpya. Hakuuona. Akamwonyesha baba yake.

"Kilowati nane," mzee aliguna. "Nitaganda."

"Fundi," Pei-shan alisema kwenye simu, "tunashuka kituo cha Fangliao. Njoo na gari, pikipiki haibebi kiti cha baba."

"Ndiyo umekubali?"

"Nimekubali lifti. Mengine nikishaiona hati ya nyumba."

Hati aliiona, akaisoma mpaka muhuri. Walioana Novemba. Mzee Lai aliishi humo viangazi viwili, akilalamikia baridi, akafariki mwezi Machi. Chih-lung bado anafunga viyoyozi. Pei-shan anapokea simu za wateja. Shangazi wa Taitung aliwapikia samaki siku ile, akawala peke yake, na hajawasamehe.