Msimguse Mpaka Mpira Uishe

Jumamosi ile ilianza vizuri, na anayekwambia hivyo ni mtu asiyependa mpira wa Kimarekani hata kidogo. Tangu asubuhi mimi na Jolene tulikuwa jikoni kwangu. Karanga za maganda zinachemka kwa chumvi, mabawa ya kuku yanangoja mafuta, na jua la Novemba linaingia dirishani taratibu.

"Verna, tukifungwa leo mume wako atalia mbele za watu," Jolene akaniambia.

"Alie tu, mradi asifutie machozi kwenye mapazia yangu."

Tukacheka. Jolene ni mke wa Hoyt, na Hoyt ni kaka wa mume wangu, Delbert. Hapa Callis, Alabama, ukiolewa unaolewa na mume, na ukoo, na kanisa, na timu ya Chuo cha Talmadge. Usidhani kuna mtu wa ukoo huu aliyesoma Talmadge. Hoyt hata sekondari hakuimaliza. Lakini siku Talmadge wanapocheza na mahasimu wao, chuo cha Pickard, utadhani chuo kile kimejengwa na babu yake kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa kuna habari ya kiti, lazima uisikie kwanza.

Sebuleni kwangu kulikuwa na kiti kikubwa cha kuegemea cha baba mkwe wangu, Mzee Enoch. Alifia hapo. Ilikuwa siku ya Pickard miaka kadhaa nyuma, mpira uko robo ya tatu, Talmadge wanachapwa. Mimi nilikuwa kazini, haya nilisimuliwa. Mkono wa mzee ulianguka ubavuni mwa kiti, mdomo ukabaki wazi. Hoyt akaona, Delbert akaona. Delbert akainuka amwendee baba yake, na papo hapo Talmadge wakapata pointi. Hoyt akamkamata mdogo wake shati, akamnong'oneza: "Usimguse. Mambo yamegeuka. Mtu asimguse mpaka mpira uishe."

Ndiyo, umesikia sawasawa. Huku kwetu timu ikianza kushinda hakuna anayebadili kiti, hakuna anayekwenda chooni, bahati isije ikakatika. Wakamwacha baba yao mzazi macho wazi mbele ya televisheni. Wakala mabawa ya kuku pembeni yake, wakarukaruka, wakapigana mabega. Talmadge wakashinda, ndipo wakakumbuka kuita gari la wagonjwa. Kufa kufaana, sawa, lakini kwa baba yako? Nilipoambiwa nilitapika kwenye sinki. Na wao kila mwaka wanaisimulia kama kichekesho, "Mzee alitusukumia ushindi!", na wageni wanashika mbavu. Ptuu!

Tangu siku ile Talmadge hawakuwafunga Pickard tena, na kiti hakikukaliwa na mtu. Nilitaka kukitupa, Hoyt akasema nikikitupa na mimi nifuate. Kilikuwa kinanuka. Nilikisugua kwa sabuni, kwa siki, kwa magadi, nikakianika nje siku nzima. Kila Novemba harufu inarudi, ya tumbaku ya kutafuna na ya mdomo wa mtu aliyelala mno. La kuvunda halina ubani.

Basi, Jumamosi hiyo tulifungwa kwa pointi moja.

Na tulifungwa kijinga, hata mimi niliona. Mwishoni vijana wetu walikuwa wamesogea karibu kabisa. Mkwaju mmoja tu wa kupitisha mpira katikati ya milingoti, tumeshinda. Saa inakimbia. Kocha Lyle Stancil alikuwa bado na nafasi ya kuisimamisha ili mpigaji ajipange. Alisimama pale ukingoni, mikono mfukoni, kama mtu anayengoja basi. Saa ikaisha. Watu wa Pickard wakamwagika uwanjani.

"Fukuza!" Hoyt akaruka. "Fukuza leo leo, asirudi hata kuchukua mswaki wake!"

"Kosa lake nini sasa?" akauliza Purvis, jirani yetu, mdomo umejaa karanga. "Watoto wamedondosha mpira wenyewe tangu mwanzo. Ulitaka kocha akawadakie?"

"Saa imemfia mkononi, Purvis! Bibi yangu aliyeko kaburini angejua kuisimamisha saa ile!"

"Bibi yako angefundisha Pickard. Alikuwa na akili yule."

Jolene akacheka. Hoyt akamtazama mpaka kicheko kikamkauka.

"Stancil si kocha," Hoyt akaendelea. "Ni muuza bima aliyevaa kofia. Mwaka jana tulimvumilia, mwaka juzi tulimvumilia. Namwombea saratani. Ya koo! Asiweze hata kutamka jina la Talmadge."

"Hoyt, una mdomo mchafu," nikasema.

"Na watoto wake nao..."

Sitarudia aliyosema juu ya watoto wa mtu yule. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria ya karanga mkononi, natazama maganda waliyotema juu ya zulia langu, mate yakimetameta, mafuta ya kuku yakiwachuruzika videvuni, na wanamgawana binadamu mwenzao namna ile. Kesho yake asubuhi wangekuwa kanisani mstari wa mbele. Niliwaona kinyaa, nakwambia kweli.

Mwishowe Delbert akasema, "Mpeni mwaka mmoja zaidi. Mtu ana mke, ana watoto. Ni mpira tu, Hoyt."

"Ni mpira tu?" Hoyt akamgeukia. "Wewe ndiye uliyetaka kumgusa Baba siku ile. Ungemgusa, na siku ile tungefungwa. Huna moyo wa Talmadge wewe. Baba alikuwa anakuonea haya."

Uso wa mume wangu ulibadilika. "Baba, Baba, kila siku Baba! Baba amekufa, Hoyt. Na hiki ni kiti tu."

Akakikalia.

Kilipiga kelele ndogo chini yake. Purvis akaacha kutafuna.

Delbert aliegemea nyuma polepole. Mikono ikajipanga kwenye mikono ya kiti. Kidevu kikashuka. Nilifikiri anamfanyia kaka yake mzaha, nikataka kumwambia aache upuuzi. Kisha mdomo wake ukafunguka.

"Imebaki dakika ngapi?"

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya mzee, ya kukwaruza, yenye makohozi. Hoyt akawa mweupe kama karatasi.

"Baba?"

"Nimeuliza, imebaki dakika ngapi?"

Kitu cha kahawia kikamtoka Delbert pembeni ya mdomo, kikateremka shingoni. Mume wangu hajawahi kutafuna tumbaku. Harufu ikanipiga palepale nilipo.

Na hapo mtangazaji akapaza sauti kwenye televisheni. Waamuzi walikuwa wanawatoa watu uwanjani. Wametazama upya, wamegundua saa ilizidi kukimbia. Inarudishwa sekunde moja. Mpigaji wa Talmadge anaitwa. Mkwaju mmoja.

Hoyt akatazama televisheni. Akatazama kiti. Akatazama televisheni tena. Nikaona wazo likimwingia.

"Msimguse," akanong'ona.

Nikamkimbilia mume wangu, nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, kama nyama iliyotoka kwenye friji. Kifua hakipandi. Midomo inageuka rangi. Macho wazi, hayapepesi.

"Hapumui! Hoyt, hapumui!"

"Sekunde moja tu, Verna." Akajiweka kati yangu na kiti. "Sekunde moja itamuua?"

"Ni mdogo wako!" Jolene akalia.

"Wanapiga?" sauti ikauliza kutoka kitini.

"Wanapiga, Baba," Hoyt akajibu kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Kaa hapohapo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mzee yule hajui. Hakuna aliyemfumba macho, hakuna aliyemlilia, hakuna aliyemwambia. Wanawe walimnyamazia ili timu ishinde, na yeye akaendelea kungoja mpira uishe.

Sikufikiri. Nilimtwanga shemeji yangu kwa sufuria iliyokuwa bado mkononi mwangu, karanga na maji ya moto vyote vikamwendea. Akayumba. Nikainama sikioni mwa Delbert, harufu ile imenijaa mpaka kooni.

"Mzee Enoch, umekufa. Ulikufa siku ile. Hawakukwambia kwa sababu ya mpira."

Macho yaligeuka. Taratibu sana. Yakamtafuta Hoyt.

"Kweli, mwanangu?"

Hoyt alikuwa anatazama televisheni.

Nikamvuta Delbert kwa nguvu zangu zote. Kilichomshika kilikuwa na nguvu pia. Kisha kikaachia. Tukaanguka wote wawili juu ya maganda, na mume wangu akavuta pumzi moja ndefu, ya mlio, kama mtu aliyetolewa majini. Kwenye televisheni mpira uligonga mlingoti, ukarudi nyuma.

Hoyt alipiga magoti. Nikadhani anamlilia mdogo wake.

"Umetufungisha, Verna," akasema. "Wewe ndiye uliyetufungisha."

Jumatatu yake Stancil alifukuzwa. Callis nzima ilipiga honi. Delbert alilala siku kadhaa, akaamka mzima, ila hakutaka kuligusia jambo lile wala kulisikia. Mimi nilikwenda kununua mafuta ya taa nikichome kiti. Niliporudi nilikuta Hoyt amekwisha kukipakia kwenye gari lake, anakifunga kamba. Alikuwa ameinama, mdomo karibu na mto wa kiti.

"Bado, Baba," alikuwa anakinong'oneza. "Usimsikilize huyo mwanamke. Bado kuna msimu."

Nilimpigia kelele mume wangu amzuie. Delbert alisimama barazani, hakushuka hata ngazi. Aliogopa kukisogelea, na simlaumu.

Kuanzia hapo Jolene alikuwa ananipigia simu kwa sauti ya chini. Nyumba nzima inanuka. Hoyt anaongea na kiti wakati wa kula. Hoyt anamwambia hebu kaa kidogo, mke wangu, kaa tu uone kilivyo laini.

"Njoo kwangu," nikamwambia. "Leo. Acha hata nguo."

"Nitakuja, dada. Baada ya Pickard. Nikimwacha kabla ya siku ya Pickard hatanisamehe maisha."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamwambia Delbert aende kumchukua kwa nguvu. Jolene akamrudisha mlangoni kwa kicheko, akampa na keki ya kuniletea.

Novemba ya mwaka uliofuata ilipofika, Talmadge waliwachapa Pickard kipigo ambacho watu hawajawahi kukiona. Mpira wa saa tano asubuhi, mpaka saa nane mchana mji umechanganyikiwa kwa furaha. Purvis alikuja mpaka kwenye uzio, amelewa, anacheka peke yake.

"Verna! Nakubali nilikosea. Kumbe shida ilikuwa kocha! Huyu mpya anajua kazi, mama!"

Nilikuwa nampigia Jolene simu, na simu inaita tu.

Tulikwenda, mimi na Delbert, mchana kweupe, magari yanapita na bendera, watoto wanatupungia. Nyumba ya Hoyt ilikuwa imefungwa mapazia. Ndani televisheni inaongea. Tuligonga sana. Mlango ukafunguka kidogo, uso wa Hoyt ukatokea, kidole kipo midomoni.

"Shhh. Bado."

"Mpira umeisha, Hoyt," Delbert akasema. "Mmeshinda."

"Wiki ijayo fainali." Alikuwa anatabasamu. Jasho linamtoka. "Msimguse tu. Wiki moja."

"Tusimguse nani?" nikauliza. "Hoyt, Jolene yuko wapi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Amekaa."

Delbert aliupiga mlango bega. Kiti kilikuwa katikati ya sebule, kimetupa mgongo. Mkono mmoja wa mwanamke ulikuwa unaning'inia ubavuni, kucha zimepakwa rangi ya Talmadge. Nilizunguka mbele. Sitakueleza uso wake. Nitakwambia tu kwamba macho yalikuwa wazi, na kwamba mezani, karibu kabisa na goti lake, kulikuwa na sahani ya mifupa ya kuku iliyogugunwa mpaka ikang'aa.

Watu wa gari la wagonjwa walisema ni moyo. Walisema amekufa tangu asubuhi, kabla mpira haujaanza, maana mwili ulikuwa umekwisha kukakamaa. Ilibidi wamtoe kwa kumkunjua. Hoyt alikaa sakafuni akiwalilia wamrudishe, wamrudishe tu mpaka wiki ijayo, na nje honi zinalia, na mtu fulani anapita akiimba jina la kocha mpya.

Mmoja wao, kijana mwenye ndevu, alibaki nyuma kukusanya vifaa. Akauegemea mto wa kiti kwa kiganja apate kuinuka. Akauondoa mkono haraka, akaufuta kwenye suruali, akatutazama mmoja mmoja.

"Marehemu ni wa baridi kabisa," akasema. "Hapa pana joto. Nani amekaa hapa sasa hivi?"