Ukuta wa Meko wa Mama Seipati

Jumamosi hiyo Limakatso hakuwa na wazo jingine ila la ukuta. Nyumba yao ilikuwa ya mawe, vyumba viwili na bati juu, na mumewe Pheello alikuwa ameijenga kwa likizo nne za mgodini, kila likizo ukuta mmoja, kama wafanyavyo wanaume wengi huku kwetu milimani. Likizo ya mwisho alijenga kile alichokitamani tangu utotoni: meko ndani ya ukuta wa sebuleni, na dohani ikitokeza juu ya bati, ili moshi utoke na joto libaki. Meko ilikuwa nzuri. Ukuta ulioizunguka ndio uliokuwa mawe matupu na saruji iliyorukaruka ovyo, na Limakatso, ambaye majira yote ya baridi alishinda mbele yake na mwanawe wa miezi saba, alikuwa amechoka kuutazama.

Pheello alikuwa amemtumia picha kwenye simu ili achague. Ukuta wa vigae vyeupe vinavyong'aa. Ukuta wenye rafu ya mbao nene juu ya moto, na juu ya rafu mishumaa na maua. Ukuta wenye kioo cha duara. Wa mwisho ulikuwa na televisheni pana kama mlango, na huo, ilikuwa wazi, ndio alioupenda yeye. Jirani yao Mama Tlotliso, aliyeingia kuota moto kidogo na kukaa mpaka mchana, alizipitia picha zote kwa kidole.

"Kioo juu ya moto, mwenzangu? Ili ujitazame unavyoiva?"

Kuhusu televisheni alisema itayeyuka kabla mpira haujafika mapumziko. Mishumaa ilimshinda kabisa: watu wenye umeme, wakae wawashe mishumaa mchana? Lakini huenda wana sababu zao, alisema, hatuwezi kujua ya kwao. Mwishowe wote wawili walirudi kwenye kile walichokiona kwa mama zao. Litema. Kuusiriba ukuta kwa udongo na mavi ya ng'ombe, kisha kuuchora ungali mbichi, kwa vidole na uma, mistari iliyopindana kama shamba lililolimwa. Rafu moja ya mbao ingewekwa juu, Pheello naye aridhike.

Mama mkwe alikuwa amekwenda kwa dada yake ng'ambo ya mto, kwa siku tatu. Angekuwapo, Limakatso angemwuliza, maana udongo wa ukuta huombwa kwa mwenye boma, na Pheello akiwa mgodini, mwenye boma ni mama yake. Hilo Limakatso alilijua. Alitaka tu mama akirudi akute kazi imekwisha, afurahi. Kama ni kosa, ni kosa la mtu aliyetaka kupendeza.

Alikwenda kwanza mtoni. Udongo wa ukingoni ulikuwa umeganda, na sepetu iliruka mikononi mwake kama amegonga chuma. Akajaribu njiani, akajaribu kando ya zizi, kote vilevile. Mahali pekee palipochimbika palikuwa nyuma ya nyumba, pale uliposimama zamani msonge wa mama mkwe, kwenye mstari ambapo maji ya paa la nyasi yalikuwa yakidondokea. Hapo udongo ulikuwa wa kijivu, laini kama unga. Sepetu iliingia yote. Alikutana na magae ya chungu, akayaweka kando, akajaza ndoo mbili. Alipouchanganya kwa mikono alishukuru, kwa sababu vidole havikufa ganzi. Udongo ule haukuwa wa baridi.

Alisiriba mchana kutwa, mwanawe Nyakallo mgongoni ndani ya blanketi, moto ukiwaka. Alichora maua ya petali nne, safu juu ya safu, kutoka darini kushuka chini. Ilibaki kona moja tu bila kuchorwa, ya kushoto, karibu na sakafu, upana wa sinia. Mtoto akaanza kulia kwa njaa, naye akaiacha kona hiyo kwa kesho.

Asubuhi kona ilikuwa imechorwa.

Alichuchumaa, akaitazama muda mrefu. Ua lilikuwa lilelile, petali nne, ila limepinda kidogo, kama kazi ya mtu anayejifunza kwa kuangalia la jirani. Ndani ya nyumba walikuwa yeye na mtoto tu, na mlango ulikuwa na komeo. Alijiambia kwamba amesahau, kwamba jana alichoka, huenda alilimaliza huku akisinzia. Kisha akaweka vidole vyake vinne kwenye mifereji ya lile ua. Havikuingia. Kilichoingia ni ncha ya kidole cha mwisho, na hicho nacho kwa shida.

Mama mkwe alirudi siku ya tatu, theluji ikianza kuanguka. Alisimama mlangoni na fimbo yake, viatu bado miguuni, macho kwenye ukuta. Limakatso alingoja asifiwe.

"Udongo huu umeutoa wapi, Mama Nyakallo?"

"Mtoni, mama."

Ulitoka tu mdomoni, ule uongo. Yule mama naye alikuwa ametoka kuvuka mto huohuo juu ya barafu, na bila shaka aliujua uongo ule kwa jina. Alivua viatu, akakisogeza kiti chake kutoka mahali pake pa siku zote kando ya meko, akakiweka ukutani upande wa pili, karibu na mlango, penye upepo.

Ukuta wote ulikauka, isipokuwa mahali pamoja. Ilikuwa ile kona, na sasa unyevu ulikuwa umepanda mpaka kimo cha goti. Moto uliwaka tangu alfajiri na pale hapakukauka. Limakatso alipitisha kiganja, akakinusa. Alitarajia harufu ya samadi. Ilikuwa harufu ya utosi wa mtoto mchanga.

Siku hiyo Nyakallo aligeuza uso kutoka kwenye ziwa. Hakulia. Aligeuka tu, akautazama ukuta, akacheka kama achekavyo mtu anayemjua.

Kesho yake hakunyonya. Keshokutwa hakunyonya. Limakatso aliamka kila asubuhi matiti yake yakiwa matupu, malegevu, kama ya mama aliyenyonyesha usiku kucha, na mtoto kando yake midomo mikavu. Alimpeleka zahanati, saa mbili kwa miguu kwenye theluji. Nesi alimpima, akatazama mdomoni na masikioni, akasikiliza kifua, akasema haoni ugonjwa. Lakini mizani ilikuwa imeshuka. Nesi alisema waje tena baada ya siku tatu, na akasema, bila kumtazama usoni, kwamba mtoto wa uzito huu hana akiba ya wiki nzima.

Waliporudi Limakatso alimlaza kwenye godoro mbele ya moto, akaenda kutia maji ndooni. Hakukawia. Alipogeuka, Nyakallo hakuwa kwenye godoro. Alikuwa kwenye kona. Mtoto ambaye bado hajajua kutambaa. Alikuwa amelala kifudifudi, uso umegandamizwa ukutani, midomo wazi juu ya ule unyevu, na midomo ilikuwa ya kijivu.

Alimnyakua. Pale ukutani pakasikika kitu kidogo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kulia.

Akamlaza godoroni, akachukua sepetu.

Mpigo wa kwanza ulibandua ua zima la petali nne. Nyakallo, godoroni, alikauka mwili. Mpigo wa pili ukateremsha udongo mpaka kwenye jiwe. Mtoto akakakamaa, macho juu. Wa tatu haukufika. Mama mkwe alikuwa ameushika mkono wake, mzee yule ambaye vidole vyake vilivyopindapinda havikuweza hata kufunga kitufe, na mkono haukusogea.

"Acha. Utamuua."

"Nani, mama?"

"Wote wawili."

Sepetu ikaanguka. Nyakallo akashusha pumzi. Nje theluji ilikuwa ikishuka bila sauti, mchana wa saa nane, na ndani palikuwa na mwanga mweupe uliofanya kila kitu kionekane karibu mno.

Huku kwetu bibi harusi hupewa jina la mtoto kabla ya kumpata. Wakwe humwita mama fulani siku anayoingia, na mtoto wa kwanza akija huitwa hilo jina. Mama mkwe aliitwa Mama Seipati. Mtoto wake wa pekee alikuwa Pheello. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza Seipati yuko wapi, maana majina mengine hukaa tu bila mwenyewe, na watu huona kuuliza ni kukosa adabu. Limakatso naye hakuwahi kuuliza. Sasa aliuliza.

Mzee alisimulia akiwa amesimama, kwa sauti ya chini, macho yakiukwepa ukuta. Alisema alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Mtoto alizaliwa mzima wa viungo, mwenye nywele, na hakulia. Mtoto asiyelia hapelekwi makaburini wala haliliwi na mtu. Wanawake wakubwa walimtia kwenye chungu, wakamzika nyuma ya msonge pale maji ya paa yanapodondoka, apate ubaridi, asiwake hasira. Wakamwambia mama yake asimtaje. Alisema hawakuwa wabaya, walifanya walivyofanyiwa wao.

"Maziwa yalikuja siku ya tatu," alisema. "Mengi. Wakanifunga kitambaa kifuani mpaka yakakauka. Hakuonja hata tone, mwanangu. Nikasikia tu jinsi yanavyouma."

Limakatso alisema ni yeye aliyechimba, ni yeye aliyedanganya.

"Nilijua siku ile nilipoingia. Nikanyamaza." Mzee alimfunika Nyakallo blanketi, akampachika mikononi mwa mama yake. "Miaka arubaini nimefundishwa kunyamaza, nikanyamaza na hapa. Sasa nenda kwa Mama Tlotliso. Usirudi mpaka nikuite."

Limakatso alivuka uwanja na mtoto, theluji ikimfika kwenye vifundo. Mama Tlotliso alimtazama mara moja, akaacha mzaha wake wote, akasogeza kiti karibu na jiko. Walikaa. Kutoka dirishani waliuona moshi wa dohani ya Pheello ukipanda wima, kisha ukapungua, kisha ukakoma. Moto ule ulikuwa umeachwa ufe. Limakatso aliinuka, Mama Tlotliso akamketisha.

Baadaye kidogo, hata saa moja haikuwa imepita, Nyakallo aliguna. Akageuza kichwa huku na huku kama anatafuta. Akalipata ziwa, akalikamata, na maziwa yakashuka kwa nguvu hata yakamkaba, akakohoa, akarudi tena. Limakatso alilia juu ya utosi wake bila sauti ili asimkatize. Mama Tlotliso aligeukia ukuta, akajifanya anatafuta kijiko.

Hakuitwa. Jua lilikuwa bado juu, jeupe nyuma ya mawingu, aliposhindwa kungoja zaidi akavuka uwanja, Nyakallo mgongoni.

Sebule ilikuwa baridi. Majivu mekoni yalikuwa na kijivu kilekile cha ukuta. Mama mkwe alikuwa ameketi sakafuni kwenye kona, blanketi lake limemfunika yeye na kile kipande cha ukuta kwa pamoja, kama mama anavyojifunika mtoto akinyonyesha mbele za watu. Paji la uso lilikuwa limeegemea udongo. Alikuwa akiimba puani, polepole, wimbo usio na maneno. Limakatso alidhani ameganda kwa baridi. Alipomgusa shingoni, ngozi ilikuwa na joto kama la mkate.

Alimwinua. Blanketi lilipodondoka aliona kwamba ukuta umekauka. Kona yote, mpaka chini. Palipobanduliwa na sepetu palikuwa pamesiribwa upya, na ua la petali nne lilikuwa mahali pake. Safari hii halikupinda.

Alimketisha mzee kitini, akawasha moto, akaleta blauzi safi kwa sababu ile ya mwanzo ilikuwa imejaa udongo mbele. Mzee alijiachia avuliwe kama mtoto. Kifua chake kilikuwa cha mwanamke wa umri wake, kimelala na kukauka, na kuzunguka chuchu ya kushoto palikuwa na duara la udongo wa kijivu. Limakatso alichovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, akapangusa taratibu. Chini ya udongo, ngozi ilikuwa imechanika kidogo mahali pawili palipokaribiana. Damu ilikuwa bado mbichi.

Aliyatazama yale majeraha. Kisha, bila kujua kwa nini anafanya hivyo, akamshusha Nyakallo mgongoni, akamtia kidole kinywani, akapapasa fizi, chini na juu. Laini kote, bila jino.

Mama Seipati aliinamisha kichwa, akajitazama. Akapagusa kwa ncha ya kidole, akatabasamu kwa haya, kama mwanamke yeyote anayejaribu kutojisifu mbele ya wengine.

"Ni yale mawili ya chini," alisema. "Amechelewa, lakini yameota."