Mshiriki wa Tisa

Asubuhi ya siku ya maonyesho ya utafiti, chumba cha kuchapishia kilicho chini ya maktaba ya chuo hujaa mpaka mlangoni, na kila aliyemo roho iko juu. Nimeipanga foleni ile miaka mitatu, naijua. Watu wazima, wauguzi waliorudi chuoni kusomea uzamivu, waliozalisha wanawake na kuwafumba macho wafu, wanagombania mashine ya mabango utadhani inatoa mkate.

Renata Wojcik alikuwa amesimama nyuma ya mwanamume mmoja mrefu, mweusi, suti ya kijivu, tai ya rangi ya haradali, viatu vimepigwa kiwi mpaka vinatisha. Yeye Renata alivaa koti la sufu la kijani, nywele kazifunga juu kwa kalamu ya wino, usingizi tele machoni. Bango la yule bwana likatoka kwenye mashine, refu kama shuka. Bwana akalitazama kwa mapenzi. Renata naye akachungulia, akaangua kicheko.

"Samahani kaka, hao wauguzi wako wanakula nini?"

"Kwa nini, dada?"

"Umeandika wastani wa umri wao ni miaka mia tatu arobaini na saba."

Bwana akainama, akasoma, akashika kichwa. "Mungu wangu! Thelathini na nne nukta saba. Nukta imekwenda wapi?"

"Nukta si za kuaminika," Renata alisema, na kile kicheko kikamtoka usoni. "Rudi ukachape tena. Nitakushikia nafasi."

"Jina lako nani, mwokozi wangu?"

"Renata. Mwaka wa pili. Wewe wa kwanza, naona, maana bado una nguvu za kupiga pasi."

"Emmett Tolliver. Na pasi siachi hata nikifika mwaka wa kumi. Mama yangu atafufuka anichape."

Basi, wakaanza hivyo. Ijumaa ile ile Emmett alimpeleka kula samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa kanisa, kama sisi wote wa Milwaukee tufanyavyo wakati wa Kwaresima, meza ndefu, bia ya baridi, vibibi vinapita na saladi ya kabichi. Wiki ya tatu alikuwa na mswaki wake kwa Renata. Mchana, kati ya somo na somo, simu hazikukatika.

"Haloo, Nukta wangu," Emmett angeanza.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula takwimu. Zimenikwama kooni."

"Meza na maji."

"Nikifeli utanioa?"

"Nikuoe uwe mzigo wangu? Hebu kasome huko!"

"Ukali huo! Na huyu mwalimu wa falsafa ameuliza tena leo, tunajuaje kwamba tunajua. Nimemwambia mimi nilipima joto la watu miaka kumi, najua."

Renata alicheka mpaka watu wa maktaba wakamgeukia. Alikuwa na miaka thelathini na tano na hakukumbuka lini mara ya mwisho alicheka vile. Alimpenda yule mwanamume, nasema kweli, alimpenda mpaka akaogopa.

Na alikuwa na sababu ya kuogopa. Utafiti wake ulihusu wauguzi waliokosea dawa, mgonjwa akafa, wakanyamaza. Wenzake walisema ana ujasiri kuchagua jambo lile. Hawakujua. Miaka minne nyuma, katika wodi ya mahututi ya hospitali moja mjini humu, Renata mwenyewe alikosea dawa, mgonjwa akafa, akanyamaza. Hakumwambia padri, hakumwambia mama yake.

Profesa Halvorsen, msimamizi wake, ana sharti moja lisilojadiliwa. Kabla hujamhoji mtu, kaa wewe kwanza kwenye kiti cha kuhojiwa, uulizwe maswali yako mwenyewe, ujue umebeba nini moyoni. Maneno hayo hurekodiwa, huandikwa, hufungiwa kabatini. Hayahesabiwi kamwe kuwa sehemu ya utafiti. Renata alikaa kwenye kiti akahojiwa na mtaalamu aliyetoka chuo kingine, na kwa mara ya kwanza akasema yote, akalia mpaka kola ikalowa.

Hapo ndipo alipoharibu. Alikuwa ameahidi wahojiwa tisa. Wanane walikuja. Wa tisa akajitoa, ikabaki wiki moja kabla ya kukabidhi kazi. Renata akachukua mahojiano yake mwenyewe, akayapa jina Mshiriki wa Tisa, akayatia kwenye faili pamoja na ya wenzake. Kosa hili halifanywi na mlevi wala mwizi. Hufanywa na mwanafunzi wa uzamivu mwenye wiki moja mkononi, anayejiambia kwamba hadithi ni ya kweli, basi kuna ubaya gani?

Na sharti jingine la darasa la profesa huyo, lenye mwaka wa kwanza na wa pili pamoja, ni kwamba mahojiano yako lazima yasomwe na mwenzako, ayachambue peke yake bila kukuuliza, kisha mlinganishe. Profesa hupiga kura. Kura ya Renata ilimwangukia Emmett. Walifurahi kama watoto, wakaagiza askrimu. Renata alikuwa amefuta majina, hospitali, mwaka. Alibakiza kitu kimoja tu, kwa kuwa kilikuwa kizuri mno kukifuta: yule mgonjwa, mama mstaafu aliyebeba barua za watu miaka thelathini, alikuwa akimnyooshea kila muuguzi kiganja kabla ya kupokea dawa na kumwambia, "Tia sahihi kwanza hapa, mwanangu, mzigo umefika."

Jumamosi, saa sita mchana, Emmett aliyasoma maneno hayo maktabani. Akayasoma tena. Watu waliokaa karibu naye wanasema alisimama, akakaa, akasimama.

Yule alikuwa mama yake. Hakuna mwanamke mwingine duniani aliyewachezea wauguzi mchezo ule. Emmett wakati huo alikuwa akifanya kazi Arizona. Alifika siku ya maziko, akaambiwa mshipa umepasuka kichwani, uzee, hakuna la kufanya. Sasa mbele yake kulikuwa na maandishi: "Ilikuwa dawa ya kuzuia damu isigande. Nilitakiwa kuweka tisa nukta sifuri kwenye mashine ya dripu. Niliweka tisini. Ilikwenda kwa saa tatu nzima. Nilipogundua nilirudisha namba, nikamwita daktari, nikasema mgonjwa amebadilika ghafla. Sikusema zaidi."

Renata alikuwa jikoni anakoroga supu ya kiazisukari, aproni kiunoni. Emmett aliingia na theluji viatuni, jambo ambalo hakulifanya hata siku moja.

"Umekula?" Renata aliuliza bila kugeuka.

"Huyu ni nani?"

"Nani?"

"Mshiriki wa Tisa. Nani huyu?"

Renata aligeuka. "Emmett, unajua hatuulizani hilo."

"Mgonjwa wake ni mama yangu."

"Haiwezekani. Mama yako ni Tolliver..."

"Mimi ndiye Tolliver. Mama aliolewa tena. Aliitwa Odessa Pruitt."

Mwiko ukamtoka Renata mkononi. Alimkumbuka Odessa Pruitt kila siku ya Mungu. Alijua uzito wa kile kiganja. Sasa mwana wa kiganja kile alikuwa amesimama jikoni kwake, machozi yanamshuka hadi kwenye tai, naye Renata alikuwa na neno moja tu la kusema. Sekunde mbili zingetosha.

"Nipe jina," Emmett alisema.

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Nilimwahidi. Kuna fomu imesainiwa, Emmett. Hata wewe ulisaini kutunza siri."

Jamani! Oneni mtu anavyojificha nyuma ya karatasi. Na karatasi yenyewe alijisainia yeye mwenyewe!

"Usiniambie habari za fomu! Mama yangu alivuja damu kichwani kwa saa tatu, mtu anarudisha namba kimya kimya kama anayefuta ubao, halafu anakuja kukulilia wewe na unampa chai!"

"Mpenzi..."

"Usiniite mpenzi. Unamlinda aliyemuua mama yangu, halafu unaniuliza kama nimekula?"

Akatoka, mlango akauacha wazi. Renata alikaa sakafuni mpaka supu ikaungua.

Wiki mbili simu zake hazikupokelewa. Darasani Emmett alikaa safu ya mbele, akampa kisogo, shati halikupigwa pasi. Renata alikonda. Mara tatu aliandika ujumbe wenye kila kitu, mara tatu akaufuta. Alijiambia anasubiri hasira ya Emmett ipoe. Uongo. Alikuwa anasubiri jambo lipite lenyewe, kama alivyosubiri miaka minne.

Halafu Jumamosi moja mchana simu ikalia.

"Nimempata," Emmett alisema. Sauti haikuwa na joto lolote.

"Umempata nani?"

"Dolores Kubiak. Nimefungua kitabu cha majina ya waliokuja mazikoni. Muuguzi mmoja tu wa wodi ile alikuja, akalia kuliko ndugu. Nani analia hivyo kwa mgonjwa wa siku nne? Mwenye hatia. Amestaafu, anakaa upande wa kusini. Kesho baada ya ibada nakwenda kugonga mlango wake, nimwambie mbele ya majirani yeye ni nani."

"Emmett, usiende."

"Kumbe ndiye."

"Sikusema hivyo!"

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Dolores Kubiak ndiye aliyemfundisha Renata kazi, kuanzia kugeuza mgonjwa hadi kuosha maiti kwa heshima. Alikwenda mazikoni kwa kuwa alikuwa akienda maziko ya kila mgonjwa wake, basi. Miaka sabini na mbili, moyo mbovu, na hajui lolote.

Jumapili saa tano asubuhi Renata alisimama kwenye njia ya kwenda kwa Dolores, baridi ikimkata masikio, hana hata kofia. Gari la Emmett likasimama. Akashuka na koti jeusi, uso umemkauka.

"Toka njiani, Renata."

"Siye yeye."

"Basi nani? Sema au pisha."

"Ni mimi."

Emmett alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Unampenda kiasi hicho? Uko tayari kujitwisha?"

"Emmett, nisikilize. Mshiriki wa Tisa ni mimi. Nilihojiwa mimi, nikajitia kwenye faili kwa kuwa nilipungukiwa na mtu. Mashine niliiweka mimi. Mama yako alininyooshea kiganja saa nane mchana, nikatia sahihi kwa kidole, akaniambia nina mwandiko mbaya kama daktari. Saa tatu baadaye hakunijua."

Emmett alishika mlango wa gari. Alimtazama kama mtu anayesoma karatasi ya lugha asiyoijua.

"Siku ile jikoni," alisema, "ulijua?"

"Ulipotaja jina lake."

"Ukaniambia habari za fomu."

"Ndiyo."

"Wiki mbili umeniona darasani nakufa, ukanyamaza."

"Niliogopa kukupoteza."

"Sikiliza." Aliongea polepole, kila neno linamuuma. "Mimi ni muuguzi. Najua mkono unavyoteleza mtu akiwa na wagonjwa wanne na hajala tangu asubuhi. Kwa kosa la mashine ile ningelia, ningekutukana, lakini siku moja ningeweza kukusamehe. Renata, jikoni hukuteleza. Jikoni ulichagua."



Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Dolores alitoka na gauni la ibada na sweta la waridi, fimbo mkononi. "Renata? Mwanangu, kichwa wazi kwenye theluji hii! Na huyu... wewe si mtoto wa Odessa? Una macho yake."

Renata alifumba macho. Emmett alivua kofia.

"Ndiyo, mama. Nilikuwa napita. Nimekuja kukushukuru kwa kuja kumzika mama yangu."

"Alinichekesha siku nne mfululizo, yule. Ingieni mnywe kahawa."

"Siku nyingine, mama. Asante."

Dolores aliporudi ndani, Emmett aliingia kwenye gari, akashusha kioo. "Kesho saa mbili nakuja kukuchukua. Utakwenda hospitalini kusema. Nataka kukuona kwa macho yangu ukiingia."

Jumatatu alifika saa mbili kamili. Renata alikuwa amevaa suti nyeusi, usiku kucha ameandika barua mbili: moja kwa Profesa Halvorsen kuuondoa utafiti wote, nyingine kwa bodi ya wauguzi kuhusu leseni yake. Njiani redio ilikuwa imezimwa. Mbele ya hospitali Emmett alizunguka, akamfungulia mlango, kama alivyomfungulia Ijumaa ile ya samaki. Akamshika uso kwa mikono yote miwili, akambusu kwenye paji.

"Nakupenda," alisema. "Sijui nitaacha lini. Lakini usinipigie simu tena, Renata. Tafadhali."

"Sitakupigia."

Ofisi ya kupokea taarifa iko ghorofa ya pili. Mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo alivuta karatasi bila kuinua kichwa.

"Unataka kuripoti nini?"

"Kosa la dawa. Mgonjwa alifariki. Ni miaka minne sasa."

"Jina la mgonjwa?"

"Odessa Pruitt."

"Jina la muuguzi?"

"Renata Wojcik." Akamtajia herufi moja moja.

"Na wewe ni nani wake?"

"Ndiye mimi."

Kalamu ikasimama. Yule mama akainua uso, akavua miwani, akasukuma kiti kilichokuwa pembeni. "Kaa, dada," alisema. "Anza mwanzo."

Ilimchukua saa mbili na nusu. Alipotoka nje theluji ilikuwa imeanza tena, na pale gari lilipokuwa limesimama palikuwa peupe. Hakutarajia kulikuta. Hata hivyo alisimama kituoni akilitafuta kwa macho, gari kwa gari, mpaka basi lake lilipofika.