Mkanda wa Jeshi wa Nomcebo

Kila asubuhi kabla ya shule, Nomcebo alikunywa uji wa mahindi, kisha bibi yake, MaKhoza, akampa kidonge na kikombe cha maji. "Meza dawa ya kifua," alisema.

Nomcebo alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kifua hakijawahi kumuuma. Mwaka huo alichoka na vidonge. Akawa anabana kidonge chini ya ulimi, halafu anakitema kwenye mtaro nyuma ya nyumba yao katika kitongoji cha Umlazi.

Baada ya miezi kadhaa, malengelenge yakamtoka ubavuni, yakajipanga kama mshipi na kumchoma kama maji ya moto. Binamu yake Sanele akamcheka, "Kwani ulilalia jiko?" MaKhoza hakucheka. Alimpeleka kliniki siku ileile.

Daktari Ntshangase alimwangalia ubavu. "Ni mkanda wa jeshi," alisema. "Virusi vya tetekuwanga hulala mwilini, huamka kinga ikidhoofika. Nitampa dawa. Pia tuna utafiti hapa: tunachukua damu kidogo, tunazikutanisha chembe nyeupe, zile zinazolinda mwili, na vipande vya virusi hivyo, tuone kama bado zinavitambua na kupigana. Lakini simpimi mtoto asiyejua kwa nini anapimwa. Mama," akamgeukia MaKhoza, "anajua?"

"Anajua ni kifua," MaKhoza alinong'ona.

"Kwani si kifua?" Nomcebo aliuliza. "Bibi, nakuuliza wewe."

"Una VVU, mjukuu wangu. Ulizaliwa navyo. Ndivyo vilivyomuua mama yako."

Uso wa Nomcebo ukawaka. "Kwa hiyo kila asubuhi ulikuwa unanidanganya? Mimi vidonge nimetema, kwa sababu kifua hakiniumi. Ungeniambia kweli ningemeza. Sasa ona ubavu wangu."

"Punguza sauti, huyo ni bibi yako," daktari alisema.

"Sipunguzi. Yeye alipodanganya nani alimkataza?"

MaKhoza alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. "Majirani walikataa hata kikombe alichonywea mama yako. Niliogopa watakufanyia vilevile."

Jibu hilo lilimkasirisha Nomcebo zaidi, maana hakuweza kulipinga. Alilia kwa hasira, kisha akanyoosha mkono. "Toeni hiyo damu. Nataka kujua."

Majibu yalikuwa mabaya: chembe zake zilipambana na virusi kwa unyonge sana. Tangu siku hiyo alimeza dawa mwenyewe, bila kusukumwa, ingawa yeye na bibi walizungumza kwa maneno mafupi tu. Malengelenge yakakauka. Miezi ikapita, akapimwa tena.

"Safari hii chembe zako zimeamka," Daktari Ntshangase alisema akitabasamu. "Zimevitambua virusi na kuvishambulia vizuri."

Nomcebo akashusha pumzi. "Lakini bado nina hasira naye."

"Una haki. Mtoto anastahili kuambiwa ukweli wa mwili wake." Daktari akawatazama wote wawili. "Ila sikilizeni. Mama, wewe ulificha ugonjwa. Nomcebo, wewe ulificha vidonge. Virusi vikapata nafasi katikati ya siri zenu. Dawa hufanya kazi pale watu wanapoambiana kweli."

MaKhoza aliinuka kwa shida, magoti yakimsumbua. Nomcebo alisita, kisha akamshika mkono.

"Nisimulie kuhusu mama," alisema. "Yote. Usinipunguzie."

Na bibi akaanza kusimulia kabla hawajafika mlangoni.