Kiunganishi cha Diem na Tarehe za Babu Saba

Kila asubuhi kabla ya shule, Diem alimsaidia mama yake kumwagilia miche elfu mbili ya doriani nyuma ya nyumba yao, huko Cho Lach, kwenye matawi ya mto Mekong. Kopo moja kwa miche minne, si zaidi. Ulikuwa msimu wa chumvi. Bahari ilikuwa ikipanda mtoni, na maji matamu yaliyobaki kwenye mtaro wao yalipungua kama supu mbele ya wenye njaa.

Aliyejua siku ya kuvuta maji mapya alikuwa Babu Saba, mlinzi wa lango la maji. Kila alfajiri alipima chumvi ya mto na kuandika namba kwenye jedwali ndani ya simu yake. Taabu ni kwamba wakulima mia mbili walimpigia kuuliza namba hiyohiyo, na kila mmoja alimkuta tonge liko mdomoni.

Ndipo Mwalimu Hanh wa klabu ya kompyuta akampa Diem, mwenye miaka kumi na mitatu, kazi ya kutengeneza kiunganishi: programu ndogo ya kuchota namba kwenye jedwali la Babu na kuzimwaga kwenye ukurasa wa kata, kila mtu ajisomee kwa simu. Haikuhitaji maandishi marefu. Diem alijaza tu faili la maelezo: jedwali liko wapi, safu ipi ni tarehe, safu ipi ni chumvi.

"Kwanza kiendeshe nyumbani, kwenye kompyuta yako," mwalimu alimwambia. "Asubuhi tatu. Kila asubuhi nenda mtoni na kipimo, linganisha, kisha weka alama ya vema kwenye karatasi hii. Kikikosea, kikukosee wewe, kisiwakosee watu."

Jumatano Diem alikiendesha. Vema tatu za kijani zikawaka: kimeunganishwa, kimesoma, kimemaliza. Aliruka hadi paka akatoka mbio. Mtoni je? Mto ulikuwa mwendo wa dakika kumi, na kitanda kilikuwa palepale. Ijumaa, nje ya darasa, alijaza vema zote tatu za karatasi kwa mpigo mmoja, tena kwa kalamu mbili tofauti ili zifanane na ukweli.

Rafiki yake Loc akamchungulia. "Mhandisi, mtoni umeenda saa ngapi wewe? Miguu yenyewe mikavu kama dagaa wa sokoni!"

"Shughulika na pua yako, Loc."

"Pua yangu ndiyo imenusa."

Jumamosi mama aliweka maua na ndizi kwenye meza ya mababu, wakala tofu ya soya badala ya samaki, kisha akamsogelea Diem. "Kompyuta yako inasemaje leo?"

Diem akafungua. Tarehe kumi, chumvi gramu sifuri nukta nne kwa lita. "Matamu, mama! Nukta nne tu!"

Mama akakunja uso. "Mwezi mpevu, bahari imejaa bamvua lote hili, halafu mto uwe mtamu? Umepima mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mimi nani nibishane na mtaalamu? Tujaze mtaro!"

Mama akajifunga kitambaa, akavuta kamba ya pampu. Pampu ikakohoa. Akavuta tena, ikapiga chafya. Diem aliitazama miche, mstari kwa mstari, majani yanang'aa. Mama alikuwa ameacha kuuamini mwezi aliouangalia tangu utoto wake, akamwamini yeye.

"Mama, acha! Sijapima. Hata siku moja!"

Mkono wa mama ukabaki hewani. Wakashuka mtoni na kipimo. Tatu nukta nane. Maji hayo yangeunguza miche yote kabla ya wiki kwisha. Mama akakifuta kipimo kwa kitambaa chake.

"Twende kwa Babu Saba."

Babu alifungua jedwali lake. Lilikuwa na mistari kumi na mitano, mmoja kwa kila siku. "Mjukuu wangu, leo ni tarehe kumi na tano! Mto haujui kalenda ya shule. Unafuata mwezi mwandamo, na mimi naufuata mto."

Diem akashika kichwa. Yeye ndiye aliyekiambia kiunganishi kwamba hizo ni tarehe za shule. Kikatafuta mstari wa tarehe kumi, tarehe ya leo shuleni, kikaleta namba ya siku tano zilizopita, wakati wa maji mafu, bahari isipopanda sana. Mistari mitano ya mwisho kilidhani ni ya siku ambazo hazijafika, kikaiacha.

"Na asubuhi umekula tofu, maua yapo mezani kwa mababu," mama akasema. "Mwezi ukiwa mpevu hatuli samaki. Ulidhani wamegoma?"

Babu alicheka hadi chai ikampalia. Diem naye akacheka, machozi yakimtoka.

"Mtaro utatuvusha wiki moja," mama akasema. "Sasa katengeneze."

Jumatatu Diem alimweleza mwalimu kila kitu, hata zile kalamu mbili. Mwalimu Hanh aliichana karatasi ile, akampa nyingine nyeupe. Diem akaongeza mistari minne kwenye faili, ya kugeuza tarehe za mwezi kuwa za kalenda ya shule, akakiendesha tena nyumbani. Safari hii kilisoma mistari yote kumi na saba. Kisha asubuhi tatu, kweli tatu, alikwenda mtoni, Loc nyuma yake akijiita mkaguzi mkuu.

Ijumaa kiunganishi kiliwekwa kwenye ukurasa wa kata. Siku hiyo Babu Saba alikula wali wake mpaka chini ya bakuli bila simu kulia, kisha akampigia mwalimu kuuliza kama simu yake imeharibika.

Jumamosi ukurasa ulisema nukta tano. Mwalimu Hanh alikuja kushuhudia mtaro ukijazwa.

"Vema za kijani zinakuambia mashine imefika kwenye jedwali," alimwambia Diem. "Kama wewe umefika mtoni, hilo utalisema wewe. Mashine ikikosea, tunaandika mistari minne, yamekwisha. Mtu akidanganya, hasara inampata aliyemwamini. Siku ile ulisema kweli kabla pampu haijawaka, na ndiyo maana leo kuna miche ya kumwagilia."

Mama alishika kamba. "Haya, mtaalamu. Umepima?"

Diem akainua mguu mmoja. Suruali ilikuwa imelowa hadi gotini, na tope limejaa katikati ya vidole.

Mama akavuta, na pampu ikawaka mara moja.