Thamosi ya Baba Kizito

— Hutaki firigisi?

Nyaruai aliuliza akiitazama ile firigisi iliyorudishwa kwenye bakuli la kuku.

— Nimeshiba, Mama Kizito.

— Umeshiba nini? Ugali hujamaliza hata tonge mbili!

— Si nimekwambia nimeshiba, bana.

Mumewe, Mukhisa, akainuka, akaenda kuoga.

Nyaruai, binti wa Wakikuyu wa Kitale, alipoolewa, mama mkwe wake kule Bungoma alimweleza wazi: firigisi ni ya mwenye boma, na akiirudisha, jua kuna jiko jingine linalompikia. Sasa Mukhisa alikuwa akiirudisha kila Jumamosi. Wiki nzima alifundisha wakulima katika chuo cha kilimo cha Mabanga, kisha akaja Kitale amekonda, mshipi umefika tundu la mwisho, mkononi thamosi ndogo ya buluu ambayo hakutaka iguswe. Chai kwao ilikuwa tele. Nani huyo aliyemhurumia mume wa mtu kiu ya njiani?

Na uchungu haukuanzia hapo. Nyaruai alikuwa mgonjwa wa sukari. Kabla ya kula alijidunga insulini, na kila alipotoa sindano, Mukhisa alikumbuka ng'ombe, au geti, au jirani. Alitoka. Mtoto wao Kizito alikuwa shule ya bweni. Kujidunga peke yako katika nyumba yenye mume ni upweke mbaya, usiombe ukufike.

Akamwandikia wifi yake, Pauline: "Ndugu yako amepata wa kumpikia."

Jibu likaja mara moja: "Wifi, usipige nduru bila ushahidi. Fungua hiyo thamosi."

Akaifungua. Hakukuwa na chai. Kulikuwa na barafu, na katikati yake kalamu ya sindano, ile ya kujidungia dawa, ndani ya mfuko wa nailoni.

— Baba Kizito! Hii ni nini?

Mukhisa akasimama mlangoni, taulo shingoni.

— Ni... ni sindano.

— Sindano nazijua! Ni ya nani?

— Yangu. Hata mimi niko na sukari. Na daktari alisema uzito pia upungue.

— Tangu lini?

— Tangu tupande mahindi.

Mahindi yalikuwa yamekauka shambani, yakingoja kuvunwa. Nyaruai akaketi.

— Na hukuniambia mimi? Mimi, kati ya watu wote?

— Ningeanzia wapi? Ni mimi nilikuwa nakwambia punguza chapati. Na ukijidunga, mimi natoroka. Naogopa sindano, Nyaruai. Hii yangu ni mara moja kwa wiki na bado nafunga macho.

— Nilidhani uko na mwanamke.

— Mwanamke gani? Hii dawa imenikosanisha hata na ugali!

Nyaruai alitaka kucheka, akalia. Alipomaliza, akaleta insulini yake, akaiweka mezani kando ya ile kalamu.

— Yako ya wiki, yangu ya kila siku. Yako inafukuza njaa. Yangu, nikijidunga nikose kula, natetemeka.

— Basi si hii ndiyo bora? Tutumie pamoja.

— Thubutu! Dawa ya mtu haiazimwi. Daktari anaangalia mwili wa kila mtu. Na nani alikwambia uizike kwa barafu? Ikiganda imeharibika, unatupa!

— Nilidhani baridi ni baridi.

— Ungeniuliza. Nimelala na haya maarifa kitanda kimoja na wewe miaka yote.

 Mukhisa alivaa shati akitazama chini.

Jumapili, baada ya kanisa, kuku aliyebaki alipashwa moto. Nyaruai akatoa sindano yake, akainua blauzi kidogo. Akasikia kiti kikisogea. Hakuinua uso, alishazoea kubaki peke yake hapo. Lakini kiti kilisogea upande wake. Mukhisa akaketi karibu, jasho likimtoka, akamshika bega.

— Umefunga macho?

— Sijafunga.

Alikuwa amefunga moja.

Nyaruai alipomaliza, Mukhisa akachukua firigisi, akaikata katikati. Nusu akaitia kwenye sahani ya mkewe, nusu akaanza kuitafuna polepole.

— Mama yako akisikia umenipa firigisi?

— Nitamwambia jiko langu ni moja, na hii nusu ndiyo inayonitosha.